Hatukupimi Wewe

Wifi yangu hajawahi kutibu hata kikohozi, lakini mtaa mzima unamwita Daktari. Jina hilo alipewa na mama yangu siku ile ile aliyopokelewa chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu. Mama hakusubiri amalize. Asubuhi alimwita Daktari, mchana akawatangazia majirani, na jioni jirani mmoja akaja na mtoto mwenye homa, kamlaza begani. Wifi akasimama mlangoni kueleza kwamba yeye anasomea mambo ya kompyuta. Yule jirani, kwa kuwa hakutaka kurudi mikono mitupu, akamwomba basi amtazamie simu yake inayozima ovyo.

Mimi nilicheka kuliko wote. Nacheka sana na nasema sana, na nyumbani kwetu inajulikana kwamba siri ukinipa mimi ni sawa na kuteka maji kwa kikapu. Nashona mapazia kwenye kona ya sebule. Mtu anayekanyaga cherehani kutwa, mikono ndiyo yenye kazi, macho yana nafasi tele ya kutazama ya watu.

Anachosomea alinieleza mwenyewe, enzi zile bado akikieleza macho yanang'aa. Ni namna binadamu na mashine wanavyoelewana, au wanavyokosa kuelewana. Kwa nini mtu abonyeze hapa badala ya pale. Kwa nini kuna skrini inayomfanya mtu mzima, mwenye watoto na wajukuu, ajione mjinga. Yeye alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kupanga foleni ya zahanati, mgonjwa achukue nafasi yake akiwa nyumbani badala ya kwenda kukaa kwenye benchi tangu alfajiri. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa kompyuta shule ya sekondari. Alikuwa akirudi jioni ana vumbi la chaki kwenye nywele, anaimba nyimbo za wanafunzi wake, tena anaimba vibaya.

Siku hizi haimbi. Siku hizi anakula, anashukuru, anarudi kwenye kompyuta.

Niseme ukweli kuhusu mama yangu, maana watu wakisikia habari za mkwe na mkaza mwana wanategemea vita. Hapakuwa na vita. Mama alimpenda yule mke wa kaka yangu kupita kiasi, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. "Daktari asishike sufuria," alisema. Daktari asifue, asipange foleni dukani, asiamke mtoto akilia. Mama alikuwa na kibanda chake cha chai karibu na kituo cha mabasi, kibanda cha miaka na miaka, wateja wakimjua kwa jina na yeye akijua nani anakunywa bila sukari. Alikifunga ili amlee mjukuu wake wifi apate kusoma. "Nitafungua akimaliza," akasema. Birika kubwa na meza ya kukunja vikaingia stoo, nyuma ya mlango. Nami nikavishonea kitambaa cha kuvifunika.

Kaka yangu ni dereva wa malori ya masafa. Anapiga simu kutoka njiani, na kila mara neno lake ni lile lile: "Msikilize mama. Yeye ndiye aliyejitoa."

Basi wifi akawa hapumui. Kila aliyeingia alimuuliza, "Daktari, utamaliza lini?" Naye akajibu, "Karibu," kwa tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Majaribio ya ile programu aliyafanyia pale sebuleni, kwa kuwa majirani hawakupenda kwenda chuoni kukaguliwa na walinzi wa getini. Siku ya majaribio cherehani langu lilinyamazishwa, eti sauti yake inaingia kwenye kurekodi. Pazia la mtu linangoja, mimi nimekaa kama gunia. Wifi aliweka viti viwili vinavyotazamana, simu juu ya meza ndogo, na kamera kwenye stendi ya miguu mitatu ikiinamia mikono ya anayejaribu. Akakaa wima, mikono magotini, kisha akasema maneno ambayo mwishowe niliyajua kwa moyo: "Hatukupimi wewe. Tunapima programu. Sema kila unachofikiria, kwa sauti, hata kama ni kibaya."

Na yeye alikuwa na sheria yake, ambayo kwangu ni adhabu kuliko kifungo: mtazamaji hasaidii. Mtu akikwama, mwache akwame. Usimwonyeshe, usimsifu, usimmalizie sentensi. Ukisaidia umeharibu jaribio.

Alikuja fundi bomba wa mtaa wetu, mzee mwenye viganja kama makasia. Alitakiwa achukue nafasi kwenye foleni ya meno. Akabonyeza, akabonyeza, jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso kama yuko chini ya sinki la watu. Nilimwona amekwama. Wifi naye alimwona, akajizuia asimwonyeshe. Mzee wa watu akaigeuza simu juu chini, akaigeuza tena.

"Unafikiria nini sasa hivi, baba?" wifi akamuuliza.

"Nafikiri ni nzuri sana, mwanangu. Hongera."

"Umefanikiwa kuchukua nafasi?"

"Aa, programu haina kosa. Ni hivi vidole vyangu tu, leo vizito." Akaizima simu kabisa, akamrudishia kwa mikono miwili. "Tayari. Mungu akuzidishie."

Ndivyo walivyokuwa wote. Mwuza maziwa alisema nzuri. Mwalimu mstaafu alisema nzuri mno, na kwamba tatizo ni miwani yake. Mama mmoja aliyekwama mpaka mwisho alimkumbatia wifi na kumwambia awe na moyo huo huo. Nani angemwambia mkwe wa jirani yake, msomi, aliyemkaribisha kwa adabu na kumpa kiti chenye mto, kwamba kazi yake mbovu? Wote walimvika kilemba cha ukoka kwa mapenzi safi, wakaenda zao. Wifi akabaki na rekodi zilizojaa hongera.

Akizipeleka kwa msimamizi wake chuoni, anarudishwa. Msimamizi mwenyewe si mtu wa kufoka. Laiti angefoka. Ni mpole, anasafisha miwani kwa ncha ya tai, anasema, "Tumekaribia. Hebu tuboreshe kidogo." Huyo mtu, nilimwambia wifi, hata nyumba ikiungua atasema tuboreshe kidogo. Wifi alicheka kidogo kisha akageukia kompyuta yake, na mimi nikajua nimegusa kidonda.

Mara moja nilikwenda chuoni kumpelekea miwani aliyoisahau. Chumba chao cha utafiti kiko mwisho wa korido, hakina dirisha, taa zake zinavuma. Mlango una kioo chembamba cha kuchungulia. Nikachungulia kabla ya kugonga. Wenzake walikuwa wametoka. Yeye alikaa kwenye kiti wima, mikono magotini, vile vile anavyokaa akiwatazama watu sebuleni kwetu. Ila mbele yake hapakuwa na mtu. Skrini ilikuwa imezimwa.

Nilisimama pale mpaka nikaogopa. Nikagonga.

"Wifi, una nini?"

"Nilikuwa nafikiri tu."

"Unafikiri kwenye skrini nyeusi?"

Akaichukua miwani, akaivaa, akaivua. Kisha akaniambia. Mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani alikuwa amempigia. Mwalimu wa kompyuta ameondoka, nafasi iko wazi kuanzia muhula ujao, wanamtaka yeye kabla hawajaitangaza. Wanataka jibu Ijumaa.

"Na wewe unataka?"

Uso wake, kwa kitambo, ulikuwa ule uso wa vumbi la chaki.

"Basi waambie ndiyo!"

"Halafu mama nimwambie nini? Kwamba alifunga kibanda ili nije niishie njiani?" Akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie, wifi. Nakuomba. Nakujua mdomo wako."

Nikaapa. Nilimeza lile jambo, likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama alikuwa akipika, anamsifia Daktari kwa mwuza mkaa, na mimi nakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi unakatika. Mama akasema, "Mvumilivu hula mbivu." Nikamjibu kwamba kuna mbivu zinazoozea mtini. Akaniuliza nimeamka na nini.

Wiki hiyo hiyo msimamizi akasafisha miwani, akampa wifi ushauri wa kwanza wa maana tangu amjue: "Hawa watu wanakuonea haya. Mtafute mtu asiyekuonea haya hata kidogo."

Wifi alirudi nyumbani, akavua viatu, akasimama katikati ya sebule, akanitazama mimi na cherehani langu.

"Aa," nikasema. "Sasa mmenikumbuka."

Nikakalishwa kwenye kile kiti chenye mto. Kamera juu ya mikono yangu, wifi mbele yangu na mikono magotini. Hatukupimi wewe, na kadhalika, na kadhalika. Nikaambiwa nichukue nafasi kwenye foleni ya meno.

"Sema unachofikiria."

"Nafikiri hii rangi ya kijani inanikumbusha wodi. Haya. Nimebonyeza meno. Mbona imenipeleka macho? Mimi macho yangu mazima. Basi nataka kurudi nyuma. Kurudi kuko wapi? Hapa kuna 'Endelea'. Sitaki kuendelea, nimepotea, mtu aliyepotea unamwambia aendelee? Ngoja nibonyeze huku pembeni. 'Endelea.' Wifi, aliyeitengeneza hii ana ugomvi na mimi?"

"Sema tu unachofikiria," akasema, kwa sauti ile ya kutosaidia.

"Nafikiri umejenga nyumba ukasahau kitasa cha ndani. Mtu anaingia vizuri, anakaribishwa, ahsante kwa kutuchagua, halafu basi, hatoki. Natafuta pa kutokea. Sipaoni. Nikiizima simu nitatoka, lakini hapo nitakuwa nimeivunja safari nzima, si ndiyo? Nitaanza moja. Kwa hiyo nakaa tu humu humu, nabonyeza 'Endelea', nakwenda nisikotaka."

Niliinua macho nione kama amekasirika. Machozi yalikuwa yanamteremka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Wifi? Nimekuudhi?"

"Hapana. Endelea."

Nikamtupia jicho kwa neno hilo, tukacheka wote wawili, yeye akicheka na kulia, mimi nikicheka na kujilaumu. Nilidhani nimemponda kazi yake. Akanihakikishia kwamba nimempa kitu alichokitafuta kwa watu wote wale na hakukipata: kosa. Sasa ana kosa. Mwenye kosa ana la kuandika kwenye tasnifu, na mwenye la kuandika anamaliza. Nililala usingizi mzuri siku hiyo, najiona mkombozi.

Alhamisi akaipeleka rekodi chuoni. Jua lilikuwa bado liko juu aliporudi. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo za mtoto, mjukuu wake kalala kwenye mkeka. Mimi nilikuwa na pazia refu la buluu mapajani.

"Msimamizi anasemaje?" mama akauliza kabla wifi hajavua hata viatu.

"Amefurahi sana, mama. Amesema sasa tuna kitu."

"Nilisema mimi!" Mama akapiga makofi na nguo zikaanguka. "Kwa hiyo umemaliza?"

"Karibu. Inabidi nitengeneze programu upya, nirekebishe yale makosa. Halafu tupime tena kwa watu wapya." Akavua viatu. "Halafu tulinganishe."

Mguu wangu ukaganda juu ya cherehani. Nilielewa. Kosa nililompa halikumfungulia mlango, lilimwongezea chumba kingine ndani. Mwaka mwingine, labda na zaidi, na Ijumaa ni kesho.

"Si neno," mama akasema. "Tumetoka mbali, tutashindwaje hapa? Wewe soma tu, mimi nipo. Mgongo huu bado una kazi. Au wewe unaonaje, mwanangu? Kuna tatizo?"

Na wifi yangu akatabasamu tabasamu lile la kitambulisho.

"Hakuna tatizo, mama. Ni nzuri sana. Ni mimi tu ndiye mzito kidogo."

Niliisikia sauti ya fundi bomba. Karibu neno kwa neno, jasho lile lile, anairudisha simu iliyozimwa kwa mikono miwili. Nikahisi hasira ambayo sijui niseme ilikuwa juu ya nani. Ningeweza kufungua mdomo pale pale na kulimwaga lote, na kila anayenijua angesema ndivyo alivyo. Lakini nilikuwa nimeapa. Tena, siri haikuwa yangu.

Nikaweka pazia chini. Nikavivuta vile viti viwili katikati ya sebule, vikatazamana.

"Mama, njoo ukae hapa. Kuna jaribio moja limebaki."

"Mimi? Simu hizo mimi sizijui."

"Hushiki simu. Wewe ndiye mtazamaji."

Mama hakuwahi kuombwa kushiriki katika usomi ule zaidi ya kupakua chakula. Uso wake ulifunguka, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaja akakaa wima kama anayesubiri kuapishwa. Nikamweleza sheria. Hasaidii. Hasifu. Hamalizii mtu sentensi. Hasemi neno lolote mpaka mwisho. Mikono magotini.

"Hata nikiona amekosea?"

"Hasa hapo."

Kisha nikamshika wifi mabega, nikamkalisha kwenye kiti chenye mto. Alikuwa ameshaelewa. Alitikisa kichwa, akaninong'oneza, "Wifi, usinifanyie hivi."

"Hatukupimi wewe," nikamwambia. "Sema kila unachofikiria. Kwa sauti, hata kama ni kibaya."

Nikarudi kwenye kona yangu. Wifi alitazama meza ndogo, ambayo haikuwa na simu. Mama alimtazama wifi, anangoja elimu.

"Nafikiri," wifi akaanza, "nafikiri mama mgongo unamuuma. Namsikia akiamka. Anashika ukuta."

Mama akafungua mdomo. Nikainua kidole. Akaufunga.

"Nafikiri kila mtu akisema Daktari, nageuka nyuma nione nani anaitwa. Nafikiri mwanangu akilia anakwenda kwa bibi yake, na ni haki yake, mimi hanijui. Nafikiri... shule yangu ya zamani imenipigia, mama. Wanataka mwalimu. Wanataka jibu kesho. Na mimi nataka kwenda. Nataka sana kwenda."

Mikono ya mama ilikaza magoti mpaka vifundo vikabadilika rangi.

"Sipendi tena hii kazi. Niliipenda. Sasa nikiifungua nahesabu dakika mpaka niifunge. Ningeiacha zamani, lakini natafuta pa kutokea sipaoni. Kila mlango ninaoufikia, nakukuta wewe umesimama, mama, umenishikia sahani ya chakula. Nitakupitaje? Nitakwambiaje niachie njia, wewe uliyefunga kibanda chako kwa ajili yangu? Kwa hiyo nakula. Nasema ahsante. Nasema nzuri."

Alilia sasa bila kujificha, kama mtoto, pua na macho. Mama naye machozi yalimtiririka, yakafika mdomoni, na hakuyafuta, kwa sababu aliambiwa mikono magotini. Macho yake yalihama mara moja tu, yakaenda kwenye mlango wa stoo, yakarudi.

Kisha akanigeukia mimi, si wifi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba ruhusa ofisini kwa watu.

"Sasa naruhusiwa kusema?"

Nilimtazama wifi. Alijifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina, alimtazama mama usoni bila kutabasamu.

"Bado, mama," akasema. "Sijamaliza."

Mama akarudisha mikono magotini.